Siku Shangazi Alipoonekana Islii

Shangazi yangu hajapata kulala nje ya kisiwa chetu cha Amu, Lamu kwa wageni. Bahari humtia kichefuchefu hata akiwa amesimama gatini akiaga wageni. Kwa hiyo nilipomwambia kuwa nakwenda Nairobi kwa mahojiano ya kazi, hakuuliza ni kazi gani. Alinisimamisha ukumbini, akanipima mabega kwa utepe wa fundi, kisha akajipima yeye. Sawa. Akanipima kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, akajipima tena. Sawa.

"Wewe ndiwe mimi," akasema. "Hiyo ndia ya bahari siiwezi. Nenda ukanijaribie buibui la harusi."

Aliyekuwa akiolewa ni dada yangu, na shangazi alikuwa ameapa kuwa hatavaa nguo iliyoshonwa hapa mjini, ambayo kila mtu angejua kitambaa chake kimetoka duka gani. Nilimwambia mimi ni mwanamume. Akaniambia hilo analijua, alikuwapo nilipozaliwa.

"Na dhambi ya mwanamume kuvaa nguo za kike?"

"Huvai, wapima. Mizani ikipimiwa nyama, haisemwi imekula."

Mahojiano yalikwisha kwa robo saa. Walisema watanipigia simu. Nikashika njia kwenda Islii, mtaa ambao kila jengo ni soko na kila ngazi ina duka chini yake. Niliingia jengo nililoelekezwa, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akinywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Nikamwambia nataka buibui la harusi la mama mrefu.

"Mrefu kama nani?"

"Kama mimi."

"Na upana?"

"Kama mimi."

Akaweka kikombe chini, akanitazama. "Basi jaribu," akasema. "Wanaume wa pwani huja kununulia wake zao kila siku. Wewe ndiye wa kwanza kuja na mabega."

Nilijaribu la kwanza juu ya shati na suruali yangu ya mahojiano. Likabana kwapani. La pili likaburura. La tatu, jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, lilikaa vizuri, lakini yule mama akasema huwezi kuhukumu nguo nusu. Akanifunga mtandio, akanivalisha na ninja ya kufunika uso, yakabaki macho yangu tu. Chumba cha kujaribia kilikuwa kimejaa maboksi, kwa hiyo nilitoka ukumbini kwenye kioo kikubwa.

Nilikuwa nikijigeuza kutazama mgongo aliposimama mbele yangu jirani yetu, fundi wa milango ya kuchonga, ambaye huleta kazi zake Nairobi mara mbili tatu kwa mwaka.

"Asalaam aleikum, Bi," akasema, na akamtaja shangazi yangu kwa jina.

Macho yangu ni ya baba, na macho ya baba ni ya dada yake. Ningesema neno moja, sauti ingetoka ya kiume ndani ya ninja, na maelezo yake yangechukua muda mrefu kuliko niliokuwa nao. Niliinamisha kichwa.

"Kumbe na wewe watoka! Na hukutwambia majirani." Akainua vitambaa viwili, cha kijani na cha zambarau. "Hebu nisaidie. Mke wangu atapenda kipi?"

Nikaonyesha cha kijani. Akanishukuru, akalipa, akaenda zake. Yule mama mwenye duka alilikunja buibui. Alinipunguzia bei.

Jioni shangazi akapiga simu. "Umenivaa?"

"Nimekuvaa."

"Nimekaaje?"

"Mabegani umekaa vizuri. Kiunoni umebakiza nafasi kidogo."

"Alhamdulillahi. Ya pilau hiyo."

Habari za jirani sikumpa. Nilidhani nitamweleza tukionana. Lakini mimi nilirudi kwa basi na kulala njiani, jirani alirudi kwa ndege, akatua Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege, siku mbili kabla yangu. Nilipofika, mambo yalikuwa yameshakwisha kuamuliwa.

Siku ya kwanza, wanawake walipomwuliza shangazi habari za safari, alikana kabisa. Akasema mwaka huu hajavuka hata Manda. Jirani akaapa kuwa amemwona kwa macho yake mawili. Siku ya pili mke wa jirani akaja na kitambaa cha kijani kifuani, akamshukuru kwa kumchagulia, akasema mumewe peke yake angeleta zambarau. Shangazi hajazoea kukataa shukrani. Akasema, "Kimekufaa?" Na hapo ndipo alipokwenda Nairobi.

Aliponiona mlangoni alinivuta hadi jikoni, akafunga mlango. Nikadhani nitagombezwa.

"Nambie," akasema, "niliona nini?"

Nikamwambia. Ghorofa ya pili, ngazi yenye kipande kilichovunjika, mama mwenye chupa ya chai, baridi ya asubuhi inayoingia hadi kwenye meno. Alisikiliza kama mtu anayekumbushwa. Wiki hiyo barazani kwetu hapakupungua wanawake. Walitaka kujua mitandio ya hariri iko wapi, viatu vya bibi harusi viko wapi, nani anapunguza bei na nani hapunguzi hata shilingi. Shangazi aliwajibu wote, nami nikikosea alinisahihisha.

Mmoja wao alikuwa na safari ya Nairobi kweli. Akaenda kwa maelezo yale yale, akafika, akarudi na mabuibui matatu na swali.

"Bi, yule mama mwenye duka hakukumbuki," akasema mbele ya watu wote. "Asema mteja wa Lamu aliyemjua ni kijana mwembamba, aliyejaribu mabuibui yake bila haya."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa, nikaitazama sinia.

Shangazi alifikiri kidogo. Kisha akanitazama kwa masikitiko. "Na wewe ulikuwapo?" akaniuliza. "Mbona hukuja kunisalimu?"

Nikasema nilikuwa na haraka. Jirani, aliyekuwa nje ya baraza, akathibitisha kuwa vijana wa siku hizi hawasalimu watu.

Kazi sikuipata. Harusini shangazi alipendeza, mabegani kama alivyopimwa, na hakuna aliyeweza kutaja duka la mjini kilikotoka kitambaa; wote walijua ni Nairobi. Sikuona sababu ya kumnyang'anya mtu safari yake. Kwa miaka mingi amewasikiliza wanawake wenzake wakisimulia Mombasa, Jeddah, Muscat, na yeye akipitisha vikombe.

Mwezi uliopita binti yake alimkatia tiketi ya ndege kutoka Manda, bahari ya dakika chache tu hadi uwanjani, kisha saa moja na kidogo angani, amtembeze Islii na kumnunulia anachotaka. Shangazi alimrudishia tiketi. Alisema Nairobi ile aliyoijua yeye haipo tena.