Sikio la Kushoto

Mvua imeanza kunyesha hapa Arua wakati mume wangu anafunga spika za nyuma sebuleni, na harufu ya udongo uliolowa inanirudisha Koboko, nyumbani kwa nyanya yetu.

Nyanya alisikia kwa sikio la kushoto pekee. Jioni, kwaya ilipoanza redioni, tulitumbukiza redio ndani ya chungu kitupu cha maji. Sauti ilitoka nene na ya baridi, kana kwamba watu wanaimba kisimani. Kisha sisi watoto tulikisogeza chungu sakafuni huku yeye amefumba macho.

“Leta. Leta tena. Rudisha kidogo.”

Jioni moja akanishika mkono. “Wacha hapo. Sasa iko pande zote.”

Akageuza uso polepole kuelekea upande wa sikio lililokufa, akatabasamu, kama vile huko nako kuna mtu anamwimbia. Tukaketi pale pale tulipokuwa, tukiogopa kukigusa chungu.

“Hii ya mwisho naweka wapi?” anauliza mume wangu.

Namwonyesha kiti cha karibu na mlango, ambacho hakuna anayekikalia.

“Kushoto kwake,” nasema. “Leta. Leta tena.”