Ufizi wa Baba Mkubwa Siku ya Ntheo

Nilirudi Machakos na diploma ya lishe, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha sufuria za hoteli huko Dubai. Sikusaidiwa na mtu, kwa hivyo sioni haya kujisifu. Ni mimi niliyemwambia baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kwamba ufizi wake unavuja damu kwa sababu ya jinsi anavyokula.

Sisi watu wa kijiji cha Ekalakala tuna akili za ajabu. Machungwa na maembe tunamuuzia dalali wa Nairobi, halafu kwa hela hizohizo tunanunua soda yenye rangi ya chungwa. Majani ya kunde tunaachia mbuzi. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, sasa ni chakula cha kufichwa wageni wakija. Mtu wa heshima hunywa chai yenye sukari tele na mkate mweupe unaoganda kwenye meno kama simiti, kisha analala bila kupiga mswaki.

"Nenda hospitali wakukwangue huo uchafu wa meno," nilimwambia, "na ule matunda, ufizi upone."

"Profesa wa mboga," akanijibu, "matunda ni ya watoto."

Ikafika siku ya ntheo yangu, ile posa yetu ya Kikamba, mbuzi wetu wachinjwe kwa kina msichana niliyetaka kumwoa, kule Katangi. Baba mkubwa alikuwa msemaji wetu, na ilimpasa kula mbele ya wenyeji. Asipokula, tumewadharau, na mke sina. Mimi, mkwe mtarajiwa, sikuruhusiwa kusema neno mbele ya wazee. Elimu yote ile, kimya!

Baba mkubwa akauma ubavu wa mbuzi. Akautoa una damu, na haikuwa ya mbuzi. Akasukuma sahani.

Baba wa msichana akakunja uso. "Muthoni," akamwita kwa jina la heshima la wakwe, "mbuzi mmeleta wenyewe, nyama hamtaki. Ama ni msichana hamtaki?"

Baba mkubwa akavuta mdomo wa chini kwa kidole. "Msichana tunamtaka sana. Ni haya meno yanataka kuhama."

Mzee akachungulia, akacheka hadi machozi, kisha akafunua mdomo wake. Ufizi uleule, umevimba, mwekundu kama nyanya.

"Katakateni hiyo nyama, mtie kwenye supu!" akaagiza.

Wakala bakuli moja, polepole, kila mmoja akitafunia upande wake usiouma.

"Msichana ni wenu," mzee akasema mwishowe. "Lakini Muthoni, jino lako likianguka kwenye hii supu, mnaongeza mbuzi mwingine."