Nguruwe Kumi na Wanne wa Losaline

Baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, Losaline alikuwa na kifua kibovu na nguruwe kumi na wanne. Kifua alikipata jikoni kwa Feleti mumewe, akipuliza makumbi ya nazi tangu alipokuwa bi harusi. Nguruwe aliwalea mwenyewe, kwa makombo aliyoyabeba nyumba kwa nyumba. Kila alasiri aligonga panga kwenye nazi kavu, nao wakatoka mwambani walikokwenda kufukua kome maji yakipwa, wakaja mbio na matope hadi masikioni.

Muuguzi alimwambia aache moshi, la sivyo asitegemee kuzeeka. Losaline alicheka. Aache moshi, apikie nini?

Ndipo akaja Sitiveni, bwana mifugo kutoka mjini. Visiwa vilikuwa vinapimana: Tonga, Samoa, Niue, mifugo ya nani inatoa hewa nyingi zaidi ya ile inayopasha dunia joto. Samoa walikwisha kupeleka hesabu zao, na wakubwa hawakutaka Tonga ionekane chafu kuliko Samoa. Kwa hiyo kila nguruwe ahesabiwe, na mwenye kumi au zaidi ajengewe banda na shimo la mavi. Hewa itakamatwa shimoni, ipite bombani, iwake jikoni. Losaline alimuuliza mara tatu kama kweli jiko hilo halina moshi. Sitiveni akasema hata sufuria haishiki masizi.

Siku ya kuhesabiwa alifagia ua na kuwaosha nguruwe mmoja mmoja. Saa nne akafika Sitiveni, kisha akaja Meleane, dada mkubwa wa Feleti, akaketi ndani kwenye mkeka mzuri. Feleti akatoka nje, maana kaka hakai chumba kimoja na dada yake. Kwa Watonga dada yuko juu ya kaka, na mbele yake kaka husema kila kitu ni cha dada: nyumba yake, viazi vyake, hata watoto wake. Ni adabu tu. Dada naye, kama ana haya, hukataa.

"Nguruwe hawa ni wa nani?" Sitiveni aliuliza.

Feleti alijibu kutoka mlangoni, macho chini. "Ni wa dada. Sisi tunamtunzia."

Wakamngoja Meleane akatae. Meleane alijipepea kwanza.

"Haya," alisema. "Andika Meleane. Na uandike vizuri, isije ikasomeka jina la mtu mwingine."

Losaline alimfuata Sitiveni hadi kwenye gari.

"Mwanangu, na wewe Mtonga. Una shangazi. Unajua mume wangu kasema adabu tu."

"Najua, mama."

"Basi futa."

"Nikifuta, niandike kwa neno la nani? Mumeo mwenyewe kasema." Akapandisha kioo, akasingizia vumbi.

Feleti alipoulizwa kwa nini hakusema nguruwe ni wa mke wake, alimtazama Losaline kama aliyeambiwa avue nguo kanisani. "Mbele ya dada yangu?" alisema.

Banda likajengwa kwa Meleane, na nguruwe wakaswagwa huko. Siku za mwanzo walitoroka wakarudi kila waliposikia panga. Meleane akatuma ujumbe kwamba wifi aache kugonga nazi, anawasumbua nguruwe wa watu. Losaline akaacha.

Mara moja tu alijishusha, akaenda kuomba awe anapikia kwenye lile jiko. Meleane alikuwa anakaanga samaki, jiko linawaka buluu, kimya.

"Wifi, kwa kikohozi hicho utanizimia moto," alisema. "Halafu wewe na moshi mmezoeana. Mimi moshi ungeniua."

Meleane hakuwahi kubeba makombo maishani mwake, na hakuanza. Nguruwe wakakonda. Watatu walikufa bandani kwa njaa, wanne wakaliwa kwenye mkutano wa kanisa, wengine wakachinjwa msiba baada ya msiba ili watu waone ukarimu wa Meleane. Mwaka ulipotimia walibaki wawili. Shimo likakauka. Jiko akalifunika kitambaa, juu akaweka maua ya plastiki.

Sitiveni akarudi na majibu ya visiwa. Ukumbini alibandika mchoro, akaeleza kwamba hewa ya kijiji hiki imeshuka kuliko ya kijiji chochote cha Samoa. Hakusema imeshukaje, na hakuna aliyemuuliza. Meleane aliitwa mbele, akavishwa shada, akasifiwa kuwa mfugaji wa mfano.

Nyuma ya ukumbi, wale wawili wa mwisho walikuwa juu ya makaa kwa ajili ya wageni. Feleti alizungusha mti wa kuwachomea. Losaline, kwa kuwa mke wa kuolewa huwatumikia ndugu wa mume, alichochea kuni. Makofi aliyasikia kupitia ukutani. Nguruwe mmoja alimjua kwa sikio lake lililochanika, alilolishona yeye mwenyewe kwa uzi wa mkeka.

Meleane akatoka na shada lake kuitazama nyama.

"Wifi, kohoa upande ule," alisema. "Hii watu wanakula."

Losaline akahamia upande ule. Upepo ulikuwa unapeleka moshi wote huko.