Pale Kisa cha Musa Kinapogawanyika

Kila siku baada ya Alasiri, mimi na rafiki yangu Haji hukaa kwenye kibaraza cha msikiti wetu, hapa Kasubi, tukisikilizana Qur'ani. Mmoja husoma kwa moyo, mwingine hushika msahafu. Tulianza tukiwa vijana. Sasa ndevu zetu ni nyeupe.

Siku moja nilikuwa nikisoma kisa cha Nabii Musa. Kisa hicho kinarudi katika sura nyingi kwa maneno yanayofanana, na msomaji asiyekuwa macho huingia sura moja akatokea nyingine. Nikatokea nyingine, wala sikujua.

"Sheikh, shuka!" Haji alinicheka. "Umepanda gari la Luzira, sisi tunakwenda Kasubi."

Nilicheka naye, lakini niliingiwa na hofu. Kaka yangu mkubwa alihifadhi msahafu mzima. Alianza hivyo hivyo, na mwisho akawa anawauliza watoto wake mwenyewe wametoka wapi. Al-Fatiha peke yake haikumtoka. Mpaka leo najiuliza ilijificha wapi, hata maradhi yasiione.

Nilikwenda kwa daktari, mama mmoja mpole, nikiwa na maswali tele. Alinipima presha, ikawa juu. Akasema kujikwaa mara moja si lazima kuwe ugonjwa wa kusahau, na hakuna chakula kinachoahidi kuuzuia. Lakini kinachodhuru mishipa ya moyo hudhuru na ya ubongo. Kwa hiyo kushusha presha, kupunguza chumvi na sukari, kutembea na kukaa na watu hupunguza hatari.

"Na kusoma kwetu?" nikauliza, nikamweleza tunavyokaa kibarazani kila siku.

"Endeleeni. Lakini mbona mnasoma mmekaa?"

Swali hilo sikulitegemea.

Nyumbani, mke wangu aliondoa kopo la sukari mezani. "Chai yako ni ya bwana harusi," alisema, "na harusi ilikwisha zamani, mzee wangu." Siku hizi nakula maharage, dagaa wa ziwani, na mchicha, ambao hapa tunauita dodo. Baada ya muda nilishangaa kuonja utamu ndani ya maharage yenyewe. Alhamdulillahi, kumbe ulikuwemo siku zote.

Mimi na Haji sasa tunasoma tukipanda kilima. Msahafu tunauacha msikitini, hivyo anayesikiliza naye inambidi akumbuke.

"Polepole," Haji huhema. "Aya hii ina mlima."

Juzi ilikuwa zamu yake. Alipofika pale pale kwa Nabii Musa, akaingia sura isiyo yake, akaendelea kwa sauti nzuri, bila wasiwasi. Nilingoja ajirudishe. Hakujirudisha. Nikamtajia neno aliloliruka.

Alisimama. Sikutaja Luzira.

"Mimi presha sijawahi kupima," alisema taratibu. Kisha, "Huyo daktari wako, Jumatatu yupo?"

"Yupo. Nitakusindikiza."

"Na mkeo, dodo amepika nyingi?"

Nikamshika mkono tukaanza kuteremka kwenda kwangu, naye akairudia sura tangu bismillahi.