Honi Iliyotazama Madukani

Harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya ikiyeyuka kwenye pasi ya fundi redio hunirudisha moja kwa moja kwenye kibanda cha baba yangu, pale mnadani Balangdalalu, miaka ile baada ya biashara kufunguliwa, redio za kila namna zilipozidi kumiminika hadi kwetu chini ya mlima Hanang. Kabla ya hapo redio ilikuwa ya mwalimu na ya mganga wa zahanati. Ghafla kila aliyeuza mbaazi alirudi nyumbani na yake, na ikiharibika aliileta kwa baba. Mimi, binti yake wa darasa la tano, nilikaa kando yake siku za Jumamosi nikichambua skrubu kwa ukubwa. Nilijifunza mengi pale bila kufundishwa, kama mtoto anavyojifunza kukamua ng'ombe kwa kumtazama mama yake.

Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, mgombea mmoja alikizawadia kijiji chetu kipaza sauti chenye mdomo mpana kama ua la boga, tulichokiita honi. Mtendaji wa kijiji, mtu mnene aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliamuru kifungwe juu ya nguzo kikitazama madukani. Huko ndiko gari la wilaya lilikoegeshwa, na alitaka wageni wakishuka wasikie kwamba kijiji kina maendeleo. Kitongoji chetu kilikuwa ubavuni, ng'ambo ya josho la ng'ombe. Baba alimwendea kwa heshima akamweleza kwamba honi haimwagi sauti pande zote, inaisukuma mbele ya mdomo wake. Akajitolea kuongeza honi ya pili kwa bati lake mwenyewe, bure, ili nasi tusikie. Mtendaji akamjibu kwamba spika ni spika, na mwenye masikio atasikia.

Jioni ile baba alikunja kalenda ya zamani ikawa pembe, akanisimamisha ubavuni mwake, akasema kitu ndani yake. Nilisikia "i-a". Akanigeuzia mdomo wa pembe, akarudia, nikasikia "sita". Akanieleza kwamba sauti nene husambaa kama moshi wa jikoni, lakini zile nyembamba, za s na t na k, hufuata mdomo wa honi kama maji yanavyofuata mfereji. Aliye pembeni hupata mvumo, maneno hayapati. Nilicheka, nikaona ni mchezo mzuri.

Haukuwa mchezo. Msimu wa kupanda ulipokaribia, kipande cha shamba kubwa la ngano lililokuwa la umma kilitengwa kwa wanakijiji. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Martina, alikuwa akilima pembezoni mwa shamba hilo tangu ujane wake, na alijua kila jiwe la pale. Tangazo lilisomwa asubuhi tatu mfululizo: anayelima pale afike ofisini aandikishwe. Sisi tulisikia honi ikivuma. Bibi hata aliinua kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa anapepeta, akauliza wanasema nini, nami nikamwambia labda ni chanjo ya mifugo. Jibu hilo bado linanichoma. Siku ya nne orodha ilifungwa, na hakukuwa na jina hata moja la kitongoji chetu. Kipande cha bibi kiliandikwa kwa mwenye duka.

Wazee wetu walikwenda ofisini kulalamika, nami nikamfuata baba. Walitoa shikamoo kwa waliostahili, wakakaa, wakaeleza kwa upole. Mtendaji hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Tulitangaza. Au mnataka kusema hamkusikia honi?"

"Honi tuliisikia," baba akajibu. "Maneno ndiyo hatukuyasikia. Twende ng'ambo ya josho, karani wako abaki hapa asome majina yoyote kwenye honi, halafu wewe mwenyewe utuambie amesoma nini."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, akashindwa kukataa. Tulivuka josho. Karani akasoma. Mvumo ukatufikia, mzito, bila kichwa wala miguu. Baba akamuuliza amesikia majina gani. Mtendaji akasema ni upepo, na majani hayakuwa yakitikisika. Ndipo baba aliponituma. Nilikimbia, nikapanda ngazi iliyoegemezwa nguzoni, nikalegeza skrubu, nikaigeuza ile honi kwa mikono yangu miwili mpaka ikatazama kwetu. Karani akasoma tena. Nilipokuwa narudi nilimwona bibi, kule ng'ambo, akiitikia kwa kichwa kila jina lililotajwa.

Nilidhani tumeshinda. Mtoto hudhani kwamba mtu akioneshwa ukweli atautii. Mtendaji alijipangusa jasho, akamtazama baba, akasema taratibu, "Nimeelewa. Lakini orodha imeshakwenda wilayani." Akaondoka. Kesho yake honi ilikuwa imerudishwa ilipokuwa, na skrubu zimekazwa kwa waya. Mvua ziliponyesha, bibi alichukua jembe lake akaenda kulima pale pale kama kibarua wa mwenye duka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na hasira hiyo haijanitoka.

Leo ninafundisha fizikia sekondari. Ninapofika kwenye mada ya sauti, huwaambia wanafunzi kwamba uelekeo wa honi huamuliwa na anayeifunga. Mwaka jana nilirudi nyumbani nikakuta mama ameachwa kwenye orodha ya kuunganishiwa maji, pamoja na kaya za majirani wenye simu za tochi kama yeye. Mtendaji wa sasa, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, akasema tangazo liliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Sikumpigia kelele. Nilivuta benchi, nikakaa mbele ya meza yake, nikamwambia afungue daftari la orodha ile awaandike. Aliposema limefungwa, nilimwambia nitamsubiri. Nilikaa pale tangu asubuhi, majirani wakifika mmoja mmoja na kusimama nyuma yangu, mpaka mlango ukajaa, mpaka akachukua kalamu.