Nilipoambiwa Nimtolee Daktari Ulimi

Nilipofika darasa la tano, uso wangu ulianza kufanya mambo bila ruhusa yangu. Nyusi zilipanda, mdomo ukapinda, na kalamu ikaniruka mkononi. Mwalimu alinitoa nje mpaka nimalize kumkejeli. Nikiwa nje, uso uliendelea kuukejeli ukuta.

Kanisani kwetu Misiera, katika kambi ya wakimbizi Uganda, mambo yaliniendea vizuri zaidi. Kwenye kwaya ya watoto nilikuwa nawekwa nyuma, maana sauti yangu haikuwa ya kujivunia. Mabega yalipoanza kurukaruka, kiongozi alidhani nimeguswa na Roho, akanisogeza mbele. Sikumsahihisha. Mama ndiye aliyejua kwamba mimi na Roho hatukuwa karibu kiasi hicho.

"Acha michezo mu kanisa," aliniambia tulipotoka. "Batu banatuangalia."

"Si mimi, Mama. Ni mabega."

Akanifinya sikio. Simlaumu. Nilikuwa mtoto wa kuigiza kikohozi cha mchungaji, nani angeniamini?

Asubuhi moja alinikuta nikihangaika na kifungo cha gauni. Vidole vilikikosa, vikakikosa tena, nikalia. Mama alikaa chini, akanifunga vifungo vyote polepole, na siku hiyohiyo tukaenda kwenye zahanati ya kambi. Wao wakatutuma hospitali kubwa ya Mbarara.

Huko tulimkuta daktari mnene mwenye tai fupi.

"Toa ulimi," akasema.

Nilimtazama Mama. Kwetu, kumtolea mtu mzima ulimi ni kosa la fimbo.

"Mutolee," Mama alisema kwa shida.

Nikautoa wote. Ulikataa kukaa nje, ukaingia na kutoka kama wa mjusi. Daktari alifurahi mno, akawaita wanafunzi wake waje kuona. Nikawatolea mmoja mmoja, na yule aliyekunja uso nikamwongezea.

Kisha akanipa vidole vyake nivibane. Mkono wangu ulikaza, ukalegea, ukakaza tena.

"Mnaona? Anakamua ng'ombe."

Mama, binti wa wafugaji, alicheka. "Ng'ombe zenyewe hatuna tena, Docta."

"Koo linamuuma mara nyingi?"

"Kila mara. Tunamupa maji ya moto na chumvi."

"Basi ndiyo hiyo. Si tabia mbaya, mama. Vijidudu vya koo vinarudi, mwili unapigana navyo. Kwa watoto wengine, mwili unakosea, unapiga mpaka ubongo na moyo wake wenyewe. Kama mbwa wa zizi aliyezoea kufukuza fisi, mwisho anauma ndama."

Mama alinivuta karibu. Halafu akalishika sikio langu, lilelile, akalisugua taratibu.

Nikaandikiwa sindano ya penisilini ya kila mwezi, kwenye tako, kwa miaka mingi, ili koo lisirudie. Inauma kama kukalia kaa la moto. Mabega yalitulia baada ya miezi kadhaa, kwaya ikanirudisha nyuma. Moyoni ulibaki mlio mdogo ambao madaktari hupenda kuusikiliza, lakini haunizuii kukimbia.

Siku hizi mtoto yeyote wa jirani akilalamika koo, Mama anamdaka, anammulika mdomoni kwa tochi ya simu, kisha anampeleka zahanati. Watoto wote wa Misiera wanamkimbia. Mimi kazi yangu ni kuwakamata, na naifanya kwa moyo wote.