Maji Mazuri ya Mtungini

Jumatatu iliyopita, hapa Dodoma, tulifiwa na samaki mwekundu wa Bibi, mke wa Mdachi wa stesheni. Alikuwa ameletwa kwa reli, akakaa sebuleni katika bakuli la kioo. Mimi mtumishi wa nyumba ndiye niliyemlisha, na nilimlilia kimyakimya.

Nikamshuku mpishi, Athumani wa Kondoa. Si alikuwa akimtishia, "Wewe mwekundu, ipo siku nitakukaanga"? Asubuhi nzima nilimtazama mikono. Tena maji ya bakuli yalinuka dawa. Nikamwambia Bibi, "Amemtilia sumu." Bibi akasema ikiwa ni kweli, mpishi ataondoka leo hii.

"Nusa mwenyewe, Bibi!" nikasema.

Athumani akawahi kunusa, akacheka. "Ndugu yangu, huu ni ubani. Nani humu ndani hufukiza mtungi?"

Ni mimi. Huufukiza ili maji ya wageni yanukie, na pua yangu imeuzoea ubani mtungini hata siutambui; bakulini niliudhani dawa. Jumapili nilimwona samaki akipanua mdomo, akipanua tena, nikadhani ana kiu ya maji mazuri. Nikambadilishia yote, nikamtilia ya mtungini.

Bibi akaenda kwenye mtungi, akaufunua, akanusa. Kisha akanisogezea kifuniko, ninuse na mimi.